Wazaliwa wa kambi wakirudi Kibondo, nani atawapokea?

MTU aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, katikati ya miaka ya 1990, na ambaye leo ni raia wa Marekani mwenye kazi, nyumba na watoto, akifunga safari kwenda kuwaonyesha watoto wake mahali alipozaliwa, atafika mbele ya lango la jeshi. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, Warundi waliokuwamo wakarejeshwa kwao, na eneo hilo likawa makao ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, 825 KJ. Akienda Kanembwa, iliyokuwa sehemu ya Kibondo kabla ya kuzaliwa kwa Wilaya ya Kakonko, atakuta hali ni ile ile: kikosi cha JKT, 824 KJ. Akiteremka hadi Lugufu, upande wa Uvinza, atakuta wanafunzi wa sekondari wakienda darasani.

Serikali haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Ardhi ni yake, majengo yalikuwapo, na taifa lenye uhaba wa shule na kambi za vijana halikuwa na sababu ya kuyaacha yaliwe na mchwa. Hata hivyo lipo swali ambalo Kibondo na Kasulu hazijawahi kuulizwa waziwazi, nalo linakaribia kadiri miaka inavyokwenda. Maelfu ya watu waliopitia kambi hizi na kupelekwa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, pamoja na watoto waliozaliwa huko, watakuwa nani kwa wilaya hizi siku watakapoamua kurudi kutazama? Watakuwa watalii, wageni wa serikali, au ndugu?

Zipo nchi zilizokwisha kukutana na swali la namna hii, na mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali sana na milima ya Buha. Mwaka 2009, ulipotimia mwaka wa 250 tangu kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns, Serikali ya Uskoti iliutangaza kuwa mwaka wa kurudi nyumbani. Wito ulielekezwa kwa yeyote, popote duniani, mwenye damu ya Kiskoti au mapenzi na nchi hiyo. Kilele chake kilikuwa mkutano mkubwa wa koo uliofanyika Julai 25 na 26 katika bustani ya Holyrood, mjini Edinburgh. Watu wapatao 47,000 walihudhuria, wakiwamo wengi waliovuka bahari. Waliandamana ukoo kwa ukoo kupanda barabara ya Royal Mile hadi kwenye ngome ya kale, wanaume wakiwa wamevaa sketi za vitambaa vya miraba, zumari za mifuko zikilia mbele yao.

Wengi wa waliotoka ng'ambo ni vizazi vya watu walioondoka, au walioondolewa, katika nyanda za juu za Uskoti karne za 18 na 19, wakati wenye ardhi walipoona kwamba kondoo wana faida kuliko wapangaji. Walikimbilia Nova Scotia, Carolina Kaskazini na Otago kule New Zealand. Huko waliishika mila kwa mikono miwili. Katika Mlima Grandfather, Carolina Kaskazini, michezo ya kimila ya Kiskoti imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1956, na zipo familia ambazo hazikosi hata mwaka mmoja.

Mwenyeji wa Edinburgh au Glasgow anaiona nchi hiyo kwa macho mengine. Kwake Uskoti ni kodi ya nyumba, mvua, basi la asubuhi na mpira wa Jumamosi. Sketi ya miraba huivaa siku ya harusi. Aidha, anajua, au amewahi kuambiwa shuleni, kwamba desturi ya kila ukoo kuwa na kitambaa chake ilipata nguvu baada ya ziara ya Mfalme George IV mjini Edinburgh mwaka 1822, iliyopambwa kwa usimamizi wa mwandishi Walter Scott. Kwa hiyo anapomwona Mmarekani mwenye umri wa kustaafu akipita mtaani na vazi kamili, kisu kikiwa soksini, akisimulia uchungu wa mababu kana kwamba ulitokea juzi, mwenyeji huyo hutabasamu, na wakati mwingine hukereka. Anahisi kuna mtu amekuja kumfundisha kwao.

Msomi Paul Basu, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007 kuhusu safari hizi za kurudi katika nyanda za juu za Uskoti, alionyesha kwamba wasafiri wenyewe hawapendi kuitwa watalii. Wanajiona mahujaji. Mgongano huanzia hapo. Anayejiona hujaji hutarajia kupokewa kama mtoto wa nyumbani, ilhali mwenye duka anamwona mteja.

Baadaye yakaja mambo ya fedha. Kampuni iliyoandaa mkutano wa Edinburgh ilipata hasara. Serikali ilikuwa imeikopesha pauni 180,000, mkopo ambao haukurudi. Mwaka 2010 kampuni ikafilisika, na wafanyabiashara zaidi ya 100 waliotoa bidhaa na huduma wakabaki na ankara zisizolipwa. Wakubwa walijitetea kwamba mkutano uliingizia uchumi mamilioni ya pauni. Yawezekana pande zote mbili zilisema kweli: hoteli zilijaa, na fundi mdogo hakulipwa. Lakini kwa wenyeji wengi, sherehe iliyokusudiwa kuunganisha damu ikabaki kukumbukwa kwa deni.

Lilikuwapo pia swali la nani hasa alialikwa. Jamaica imejaa watu wenye majina ya Kiskoti, Campbell likiwa miongoni mwa yale ya kawaida kabisa, kwa sababu Waskoti walimiliki mashamba na watumwa katika kisiwa hicho. Wakosoaji waliuliza kama wito wa kurudi nyumbani uliwafikiria na hao, au ulimlenga mzungu wa Toronto mwenye kadi ya benki.

Kigoma si ngeni kwa Waskoti. David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre karibu na Glasgow, alikutwa na Henry Morton Stanley pale Ujiji mwaka 1871, akiwa mgonjwa na ameishiwa vitu. Tangu hapo wageni wamekuwa wakienda Ujiji kutazama mnara wa kumbukumbu chini ya miembe, wakapiga picha na kuondoka. Watu wa Ujiji waliokuwa wakiishi naye, wakiuziana naye na kumsaidia, hutajwa kwa nadra katika simulizi ambayo wageni hao huja nayo mfukoni. Ni onyo dogo kuhusu jinsi kumbukumbu ya mgeni inavyoweza kukaa juu ya mji bila kuwagusa wenye mji.

Hata tofauti ile ya Waskoti, baina ya aliyeondoka na kuishika mila na aliyebaki na kuilegeza, imekwisha kuonekana katika magharibi ya Tanzania. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, akafanya utafiti wake mwaka 1985 na 1986, na kuuchapisha katika kitabu mwaka 1995. Alilinganisha waliokuwa katika makazi ya Mishamo, ndani ya msitu, na waliokuwa wakiishi Kigoma mjini. Wa Mishamo, waliotengwa pamoja, walikuwa na historia ya taifa lao iliyopangika, inayosimuliwa na kurudiwa, yenye wema na waovu wake. Wa mjini walikuwa wamechanganyika, wengine wameoa na kuolewa, na hawakupenda sana kujitambulisha kwa ukimbizi. Kambi ilikuwa imetengeneza taifa ambalo mtaa uliliyeyusha.

Ikumbukwe kwamba Kibondo na Kasulu zimepokea watu kwa mawimbi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, mamia kwa maelfu walivuka mpaka, na katika miaka iliyofuata majina ya Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, Mtabila na Muyovosi yakaingia katika taarifa za kila siku za mashirika ya misaada. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwaleta Wakongo, wengi kutoka Kivu Kusini, na Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Kambi nyingi zilifungwa kufikia 2012. Kisha machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yakalazimisha Nduta kufunguliwa tena mwaka huo na Mtendeli Januari 2016. Mtendeli ilifungwa kwa mara nyingine mwishoni mwa 2021.

Katikati ya mawimbi hayo, wapo ambao hawakurudi kwao wala kubaki. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilichukua maelfu ya wale walioitwa Warundi wa 1972, watu waliokuwa wamekimbia zaidi ya mara moja, wengine wakiwa wamepitia Rwanda au Kongo kabla ya kuishia katika kambi za Kigoma na Ngara. Baada yao walifuata Wakongo wa Nyarugusu, kundi baada ya kundi, hadi Januari 2025 Rais Donald Trump aliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watoto waliobebwa mgongoni mwaka 2008 sasa ni watu wazima. Wengi wanakijua Kiswahili kuliko lugha ya babu zao, nacho walikipata Tanzania.

Hapo ndipo mfano wa Uskoti unapopinda. Mskoti wa Kanada anarudi kwa watu anaodai ni wa damu yake. Mzaliwa wa Mtabila au Nyarugusu hana babu aliyezikwa Heru Juu. Anachorudia ni utoto wake: foleni ya maji, shule ya matope na turubai, siku ya mgao wa unga, jina lililobandikwa kwenye ubao wa orodha ya wanaosafiri. Na mwenyeji atakayemkuta ni jirani aliyekuwa ng'ambo ya pili ya mpaka wa kambi, ambaye naye ana kumbukumbu zake za miaka ile ile, na zote si tamu.

Mawazo ya wenyeji wa Kibondo kuhusu wakimbizi hayajawahi kuwa ya aina moja. Waha na Warundi wanasikilizana kwa lugha bila mkalimani. Walioana, waliuziana, walilimiana. Mtafiti Beth Whitaker, aliyefanya kazi magharibi mwa Tanzania miaka ya 1990, alionyesha kwamba ujio wa wakimbizi haukuwanufaisha wala kuwaumiza wenyeji wote kwa usawa. Mkulima mwenye shamba kubwa alipata vibarua wa bei nafuu na soko la ndizi na mihogo. Kijana aliyesoma alipata kazi ya udereva, ulinzi au ukarani katika shirika. Maskini asiye na shamba la kutosha alijikuta akigombea kibarua kile kile na mtu aliyekuwa tayari kupokea ujira mdogo zaidi, kwa sababu chakula alikuwa nacho cha mgao.

Kuna waliopoteza misitu. Mama wa kijiji aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba alilazimika kwenda mbali, na huko msituni akakutana na wakimbizi waliofuata kuni zile zile. Kuna waliopoteza mali na hata jamaa barabarani, katika miaka ambayo mabasi ya Kibondo na Kasulu yalisafiri kwa msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi wenye silaha. Lawama ziliwaangukia wakimbizi wote, wenye hatia na wasio na hatia. Wakati huo huo, mkimbizi kisheria hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, na aliyetoka kutafuta kibarua alikuwa akihatarisha kukamatwa.

Masoko ya pamoja yalipofungwa kwa amri ya serikali kuelekea mwaka 2019, walioumia hawakuwa wakimbizi peke yao. Mwenyeji aliyekuwa akipeleka mihogo alirudi nayo. Nao waliojenga nyumba za kupangisha mjini Kibondo kwa kutegemea watumishi wa mashirika walikwisha kujifunza mapema zaidi kwamba kambi ikifungwa, mpangaji huondoka na gari lake. Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2017 mpango wa pamoja kwa Mkoa wa Kigoma uliokusudiwa kuwafikia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, hatua ambayo ilikuwa ni kukiri, kwa lugha ya kidiplomasia, kwamba malalamiko ya wenyeji yalikuwa na msingi.

Mtu wa namna hiyo ataipokeaje familia iliyoshuka kwenye gari la kukodi, ikizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Ohio, ikiuliza ilipokuwa zahanati ya kambi? Wapo watakaofurahi na kukumbushana majina. Wapo watakaoona mtu aliyekula mgao bure, akapelekwa Marekani bure, akarudi tajiri, wakati mtoto wa kijiji aliyesoma shule ile ile ya kata hajapata hata nauli ya kwenda Dar es Salaam. Wivu huo unaeleweka. Mwenyeji alitoa ardhi, kuni na subira, na hakuna ndege iliyokuja kumchukua.

Tanzania ina mfano wake ambao haujasemwa vya kutosha. Kati ya 1942 na miaka ya mwanzo baada ya vita, Tengeru karibu na Arusha ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto waliopitia Siberia na Uajemi. Kambi ikaisha, watu wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Yakabaki makaburi kama 150, yenye uzio na mtunzaji, na miaka yote vizazi vyao vimekuwa vikienda kuweka maua. Wenyeji wa Tengeru hawana ugomvi na wageni hao. Kilichowezesha ni kitu cha kawaida kabisa: mahali pa kusimama palihifadhiwa, mtu wa kufungua lango yupo, na gharama ya kutunza haikuachwa juu ya kijiji.

Kwa Kibondo na Kasulu mahali hapo hapajatengwa. Watu walifariki katika kambi zote kwa kipindupindu, malaria na uzazi, nao walizikwa huko huko. Makaburi mengi ya kambini huwa ni vichuguu vyenye misalaba ya miti, ambayo haidumu kuliko mvua za masika chache. Pale palipogeuka kuwa kikosi, ruhusa ya kuingia ni suala la kijeshi, na haitatolewa kwa msafiri aliyejitokeza langoni bila taarifa. Utaratibu wa siku maalumu, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, ungewezekana bila kuhatarisha lolote, kwani vikosi vya JKT hupokea wazazi na wageni kila vijana wanapohitimu.

Upo pia ugumu wa kisheria. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, waweze kuingia na kukaa kwa urahisi zaidi. Marekebisho hayo yalimfikiria Mtanzania aliyeondoka, au mtoto wake. Aliyezaliwa Mtabila hakuwahi kuhesabiwa Mtanzania, ingawa alizaliwa katika ardhi ya Tanzania, akasema maneno yake ya kwanza hapo na hakuwa na nchi nyingine aliyoiona hadi alipopanda ndege. Atakuja kwa viza ya utalii kama mtu anayekwenda Serengeti. Linganisha na zile familia zaidi ya 160,000 za Warundi wa 1972 katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, kwa maana ya watu si kaya, zilizokubaliwa uraia na kupewa vyeti kuanzia mwaka 2014. Mstari uliowagawa mara nyingi ulikuwa ni wa makazi gani mtu aliandikishwa, si wa mapenzi kwa nchi.

Wenyeji nao wana haki ya kuuliza kwa nini kumbukumbu ya kambi ipewe nafasi kabla ya yao. Heru Juu, kiti cha watemi wa Heru ambako Mwami Theresa Ntare alitawala katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mwanamke katika kazi ambayo wanaume wengi waliikalia, haijulikani na msomaji wa kawaida wa Dar es Salaam. Wala haijulikani sana kwamba Waha wenyewe ni watu wa kuondoka: walichukuliwa kwa makundi kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wajukuu wao wapo huko hadi leo, wengine hawajawahi kuiona Kasulu. Kama kutakuwa na siku ya kurudi, hakuna sababu wao wasiitwe. Mkutano wa Edinburgh uliwavutia wa mbali ukasahau mafundi wa mlangoni, na wilaya hizi zinaweza kuanza kwa kuwatanguliza wa mlangoni.

Barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imepunguza safari ambayo zamani ilimaliza siku nzima katika vumbi. Wageni watakuja, wawe wameandaliwa au la. Nyumba za wageni zipo, na waongozaji bora kuliko wote wapo pia: waliokuwa walinzi wa maghala, wauguzi, walimu, wauza ndizi wa soko la pamoja, wanaojua ni mwembe upi ulikuwa mbele ya zahanati na makaburi yalianzia wapi. Wengi wao waliajiriwa wakiwa vijana mwaka 1994, na sasa wanakaribia umri wa kustaafu. Hakuna halmashauri inayohitaji bajeti kubwa kumtuma ofisa utamaduni na daftari, akaandike wanachokumbuka na kuchora ramani ya maeneo ya maziko, kabla mtu wa kwanza hajashuka kwenye gari kuuliza alipozikwa mama yake.